Vita vya Uhuru na Kwale: Nani Alipata Shamba, Nani Alibaki Skwota

Tarehe 20 Oktoba 2024 sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika mjini Kwale. Tarehe hiyo inatoka mbali. Mwaka 1952, siku kama hiyo, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, na usiku ukaingia Jomo Kenyatta na wenzake wakikamatwa. Mpaka katiba ya 2010 ilipoibadilisha jina, sikukuu hii iliitwa Siku ya Kenyatta. Kwa hiyo sherehe iliyozaliwa na vita vya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ililetwa kwenye kaunti ambayo Wakenya wengi huamini haikusikia mlio hata mmoja wa bunduki ya Mau Mau.

Ndipo mabishano ya kila Oktoba yakarudi kwa kishindo. Wapo wanaosema Pwani ilikula uhuru ambao haikuupigania. Wapo wanaojibu kwamba Pwani ilimpiga Mwingereza zaidi ya miaka hamsini kabla ya Mau Mau. Na lipo kundi la tatu, ambalo huzungumza zaidi barazani kuliko jukwaani: kwao uhuru wenyewe ndio ulioiponza Pwani. Kila upande una ushahidi wake, na ndiyo maana mjadala hauishi. Tatizo ni kwamba zote tatu zinauliza nani alipigana. Hilo halielezi kwa nini kizazi cha tatu baada ya uhuru, familia moja ya Msambweni ina hati ya ekari mia na jirani yake hana karatasi ya kiwanja alimozikwa babu yake.

Vita vya kwanza: Mbaruk na ngome ya Mwele

Mwanzo wa 1895 alifariki liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, na Wamazrui wakagombana juu ya mrithi. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala Pwani ilimuunga mkono Rashid bin Salim, kijana aliyekuwa rafiki yao, dhidi ya wale waliojiona wana haki zaidi. Mzozo wa ukoo mmoja ukawa vita vya Pwani nzima pale Mbaruk bin Rashid, mkuu wa Wamazrui wa Gazi, alipojiunga na waasi. Mbaruk alikuwa mzoefu wa uasi: kwa miongo kadhaa aliwasumbua masultani wa Unguja, akishindwa pwani na kupanda kwenye ngome yake ya Mwele, ndani ya milima ya Shimba.

Safari hii hakupambana na sultani. Katikati ya mwaka huo Uingereza iliichukua nchi kutoka kwa kampuni na kutangaza himaya, na mwezi Agosti wanamaji wa Admirali Rawson wakaiteka na kuibomoa Mwele. Vita viliendelea kwa kuvizia na kuchoma vijiji kutoka Vanga hadi Malindi, hata serikali ikalazimika kuleta wanajeshi kutoka Bara Hindi. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi wake wengi, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910.

Je, vilikuwa vita vya uhuru? Kwa Mbaruk, ndiyo, lakini uhuru wa nani? Alikuwa mwenye watumwa na mwenye mashamba ya watumwa. Wadigo na Waduruma wengine walimfuata, kwa uhusiano wa miaka mingi au kwa chuki dhidi ya mgeni mpya. Wengine walikimbia, kwani jeshi la Mbaruk nalo lilikula chakula cha wanakijiji kama la Mwingereza. Kwa mtumwa wa Gazi, ushindi wa yeyote kati yao haukuwa habari njema ya moja kwa moja. Utumwa haukuondolewa kisheria katika ukanda huu mpaka 1907, na fidia ilipolipwa ilikwenda kwa bwana. Aliyeachwa huru hakupewa ardhi. Wengi walibaki palepale walipokuwa wakilima, sasa kwa hisani ya mwenye shamba.

Lililodumu katika vita vile lilikuja baada ya risasi kunyamaza. Waliosimama na Waingereza walibaki na mali. Mwaka 1914 ardhi ya Wamazrui wa Takaungu iliwekewa udhamini kwa sheria maalumu. Na mwaka 1908 ikatungwa Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa maili kumi, ule ambao kwa mkataba wa 1895 ulihesabiwa bado ni milki ya Sultani wa Zanzibar iliyokodishwa kwa Uingereza. Mwenye madai alitakiwa ayalete na ushahidi. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme. Waarabu, Waswahili wa mjini na wafanyabiashara wa Kihindi walijua njia ya ofisini na walikuwa na maandishi. Mdigo ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo, mipaka yake ikiwa mibuyu na mikoko na wazee wa kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) ndio mashahidi, hakuwa na cha kupeleka. Wakati huohuo kampuni ya mashamba ya Kiingereza, East African Estates, ilipata eneo kubwa la pwani ya kusini. Wenyeji waliohesabika kisheria walibanwa kwenye hifadhi zao, na walio nje ya hifadhi wakawa maskwota pasipo kuhama hata hatua moja.

Vita vya pili vilivyofika kwa garimoshi

Ni kweli kwamba Mau Mau haikuwa na kikosi Diani. Lakini kusema vita havikufika Kwale ni kusahau Mackinnon Road. Mji huo mdogo wa reli, leo ni wadi ya Kinango, ulikuwa na ghala kubwa la kijeshi lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuachwa. Mwaka 1954, Operesheni Anvil ilipowasomba Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi kwa makumi ya maelfu, ghala likageuzwa kambi ya mahabusu, sambamba na Manyani upande wa Taita. Pwani yote ilitumiwa hivyo: Manda kisiwani Lamu, na Hola kando ya Tana, ambako mahabusu 11 walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Serikali ilichagua nyika na visiwa kwa sababu ya umbali na joto, na kwa sababu mahabusu huko hakuwa na ndugu wa kumficha.

Hata hivyo athari kubwa zaidi ya Hali ya Hatari kwa Kwale haikuwa kambi. Ilikuwa siasa. Chama cha KAU, cha Waafrika wa nchi nzima, kilipigwa marufuku 1953. Vyama vya Waafrika viliporuhusiwa tena, mwaka 1955, viliruhusiwa kwa masharti: chama kisivuke mpaka wa wilaya. Katika miaka ile ambamo viongozi wa nchi nzima wangejifunza kushirikiana, kila mmoja alijifunza kujenga nyumbani kwake. Pwani ilikuwa tayari na Muungano wa Mijikenda tangu miaka ya 1940. Sasa ukabila wa chama ukawa sharti la sheria. Ronald Ngala alichaguliwa 1957 kuwakilisha Pwani, na KADU ilipoundwa Juni 1960 kuunganisha makabila yaliyoogopa kumezwa na chama kikubwa cha KANU, haikuwa ajabu Kwale ikaifuata. Wanaoilaumu KADU kwa kuleta siasa za majimbo wanasahau ni sheria gani iliyomlea mtoto huyo.

Hoja tatu na uzito wake

Hoja ya kwanza, kwamba uhuru uliletwa na waliokwenda msituni, ina nguvu yake. Bila gharama ya vita vile, London isingekuwa na haraka. Na vita vilileta ardhi: Mpango wa Swynnerton wa 1954 uligawa hati kwa wakulima wa Kati, na kuanzia 1962 Mpango wa Ekari Milioni Moja, kwa fedha za mkopo kutoka Uingereza na kwingineko, ulinunua mashamba ya walowezi na kupangia familia zipatazo 35,000. Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inafanya kana kwamba aliyepigana ndiye aliyelipwa. Hati za Swynnerton ziliwanufaisha zaidi walioshirikiana na serikali, wakati wapiganaji wakiwa kambini. Marufuku ya Mau Mau yenyewe haikuondolewa mpaka 2003, na mwaka 2013 Uingereza ilipokubali kulipa fidia, waliolipwa walikuwa wazee 5,228, zaidi ya nusu karne baadaye. Anayemwambia mkazi wa Ukunda kwamba hakustahili kwa kuwa hakupigana, aeleze kwanza kwa nini aliyepigana naye hakupata.

Hoja ya pili, ya Mbaruk na baadaye Mekatilili wa Giriama mwaka 1913 na 1914, inarudisha heshima na ni ya kweli kihistoria. Lakini inapogeuzwa kuwa dai la ardhi ya leo, inayumba. Mbaruk hakupigania ardhi ya Wadigo. Na ukoo wake haukuwa sawa na Kwale nzima. Kumfanya shujaa wa wote ni kufunika mpasuko kati ya mwenye shamba na mtumwa, na mpasuko huo ndio uliozaa nusu ya migogoro ya ardhi ya leo.

Hoja ya tatu ndiyo inayotajwa kwa hisia kali, nayo inahitaji uchambuzi wa kina zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 harakati za Mwambao zilidai ukanda wa maili kumi ujitawale au urudi Zanzibar, kwa kuwa kisheria haukuwahi kuwa koloni. Uingereza ilimtuma Sir James Robertson, na ripoti yake ya Desemba 1961 ilipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya kwa masharti. Oktoba 1963 Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua. Kenya iliahidi uhuru wa dini, mahakama za kadhi, maafisa Waislamu katika sehemu za Waislamu kadiri inavyowezekana, na kutambua daima hati za umiliki zilizokwisha kusajiliwa.

Tusome sharti hilo la mwisho polepole. Lilikuwa kinga kwa wenye hati za 1908, na lilipendwa na viongozi wa Mwambao kwa sababu wengi wao walitoka katika tabaka hilohilo. Kwa skwota wa Kidigo wa Gazi au wa Tiwi lilikuwa na maana nyingine: kwamba dhuluma ya 1908 sasa imepewa ulinzi wa taifa huru. Hivyo wanaolia leo kwamba Pwani iliuzwa 1963 wana haki kwa nusu. Kinachosemwa kuuzwa kilikuwa kimeshachukuliwa zamani, na mkataba ulikifunga kwa kufuli mpya. Ndiyo sababu pia Wadigo wengi, Waislamu kama wenzao wa Mombasa, hawakuikimbilia Mwambao: waliona ndani yake kurudi kwa liwali. Wakachagua majimbo, yaani ardhi na polisi viwe mkononi mwa mkoa. Nayo majimbo hayakudumu. KADU ilijivunja Novemba 1964, na mwezi uliofuata jamhuri ikazaliwa bila mabunge ya mikoa yenye meno.

Nini kilimfikia nani

Kwa wenye hati, uhuru ulikuwa mwendelezo. Wengine waliuza polepole, hasa baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 kuwatia hofu, na ardhi ikapita kwa wanunuzi wa Nairobi na wawekezaji wa nje.

Kwa walioishi juu ya ardhi iliyokuwa ya Mfalme, uhuru ulibadilisha jina la mwenye nyumba. Ardhi ya Mfalme ikawa ya serikali, na mamlaka ya kuigawa yakawa ya rais na kamishna wake wa ardhi. Ukanda wa pwani wenye mchanga mweupe, ambao kwa mkulima wa minazi haukuwa na thamani kubwa, ulipata bei ghafla hoteli zilipoanza kupandwa Diani. Hapo ndipo mtu aliyekuwa na jina Nairobi alimpita aliyekuwa na kaburi Diani. Kinango, nje ya maili kumi, hali ilikuwa tofauti: hifadhi za zamani zikawa ardhi ya udhamini chini ya baraza la wilaya, na Waduruma walikutana na matatizo mengine, ya ranchi za vikundi na ukame, lakini angalau hawakuamka na kukuta ua wa hoteli. Mtu akisema «watu wa Kwale walinyang'anywa», aulizwe ni Kwale ipi.

Kundi linalosahauliwa ni vibarua wa bandarini. Kwa miongo mingi Mdigo wa Likoni, Waa au Tiwi alivuka kivuko, akabeba mizigo siku chache za mwezi na kurudi kwenye minazi na mihogo yake. Huo ulikuwa uhuru wa aina yake: hakumtegemea mwajiri kabisa. Baada ya mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, na kwa hofu iliyozidi wakati wa Hali ya Hatari, serikali na makampuni ya meli walitaka mfanyakazi anayejulikana jina, anayefika kila siku. Usajili ulibana katika miaka ya 1950. Mwenye kuchagua shamba alikosa bandari. Nafasi nyingi zilichukuliwa na waliotoka mbali, wasio na shamba karibu la kurudia. Wachache walipenya hata wakapanda: Juma Boy aliongoza chama cha wafanyakazi wa bandari, kisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COTU, akawa pia mbunge. Lakini kwa vijiji vingi vya kusini, mlango wa kwanza wa fedha ulifungwa kabla bendera haijapandishwa, na hasira dhidi ya «watu wa bara» ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa ya baada ya uhuru ina mizizi hapo.

Vita pia vilileta watu. Serikali ya kikoloni, ikitafuta mahali pa kupunguzia msongamano wa Machakos, iliwapa Wakamba makazi katika Shimba Hills katika miaka ya 1950. Wao si wanyang'anyi wala wenyeji wa kale. Ni zao la sera ya utawala uliokuwa ukiogopa uasi usienee Ukambani. Wamakonde nao walianza kuja tangu miaka ya 1930 kukata mkonge na miwa, na wakaongezeka Msumbiji ilipoingia katika vita vyake vya uhuru kati ya 1964 na 1974. Walilima miwa ya Ramisi mpaka kiwanda kilipofungwa 1988. Katiba ya 1963 ilitoa uraia wa moja kwa moja kwa aliyezaliwa Kenya na mzazi mmoja aliyezaliwa Kenya pia. Wengine walitakiwa kujiandikisha ndani ya muda maalumu. Kibarua wa mkonge asiyejua kusoma aliambiwa na nani? Watoto na wajukuu wao walikaa bila kitambulisho mpaka Oktoba 2016, walipoandamana kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, na mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43. Wapemba wa Shimoni na Vanga walingoja hadi 2023.

Kwa wanawake wa Kidigo hesabu ni ngumu zaidi. Kimila urithi wa Wadigo ulipita upande wa mama, mpwa akirithi mjomba. Uislamu ulianza kuubadilisha kabla ya Waingereza, na upimaji wa ardhi chini ya sheria ya 1968 ulimaliza kazi kwa kuandika jina moja, aghalabu la mwanamume. Kwa upande huo vita vya uhuru havikuwa na kosa la moja kwa moja, ila serikali iliyozaliwa navyo iliichukua hati ya kikoloni kama dawa ya kila ugonjwa.

Mizani

Tukipima, sababu zinazoeleza hali ya Kwale leo hazifuati mstari wa nani alipigana. Nyanda za juu zilipata mpango wa makazi kwa sababu huko kulikuwa na walowezi wa Kizungu wenye mashamba ambayo Uingereza ilikuwa tayari kuyanunua ili waondoke salama. Pwani haikuwa na walowezi wengi wa kufidiwa. Ilikuwa na mwenye hati mwenye asili ya hapahapa, ambaye mkataba ulimlinda. Hakuna chama kilichokuwa na sababu ya kumnunua. KANU ilitaka mkataba utiwe saini na umoja wa nchi uhifadhiwe. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na bila lile sharti huenda ukanda ungekuwa uwanja wa vita kati ya mataifa mawili. Bei ililipwa na asiyekaa mezani.

Pengo hilo ndilo lililowapa nafasi wachochezi. Agosti 1997 vijana waliokula kiapo walishambulia kituo cha polisi Likoni, na mauaji ya watu wa bara yakaenea kusini. Tume ya Akiwumi ilichunguza mkono wa wanasiasa katika kadhia ile. Kutumia kiapo na jina la kaya kulifanya ionekane kama marudio ya Mau Mau, lakini Mau Mau ilimlenga mwenye mamlaka. Likoni ilimlenga jirani maskini. Baraza la Mombasa Republican, lililoanza 1999 na lililoondolewa marufuku na Mahakama Kuu mwaka 2012, lilirudi kwenye lugha ya Mwambao, likisoma barua za 1963 kana kwamba zingewapa maskwota ardhi iwapo zingevunjwa. Zingevunjwa leo, wa kwanza kufaidika angekuwa mwenye hati ya zamani.

Njia ya kisheria ipo, na imebeba mtego wake. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria, na sheria ikaeleza dhuluma hizo kuwa zilizotendeka kati ya tarehe 15 Juni 1895 na tarehe 27 Agosti 2010. Kwa hiyo Mwele iliyobomolewa Agosti 1895 imo ndani, pamoja na sheria ya 1908. Mashamba yaliyofunguliwa kwa jasho la watumwa kabla ya hapo yamo nje, hata kama wajukuu wa watumwa hao bado wanaishi juu yake. Tena madai yalipewa miaka mitano kuanzia 2016, na dirisha likafungwa 2021. Kila dirisha hilo linapozungumzwa, la kwanza la kujadili Kwale ni ile tarehe ya 1895, kwa sababu ndiyo inayoamua ni skwota gani wa Gazi mwenye kesi na ni yupi asiye nayo.